Panya hakuambii ameona nini

Mtu akisikia kwamba dawa za maruweruwe hupimwa kwa panya, swali la kwanza huwa lilelile: panya ataonaje maruweruwe, na akiyaona atamwambia nani? Ukweli ni kwamba hatumwulizi hilo. Katika jaribio la upambanuzi wa dawa panya huulizwa swali moja, dogo na kavu: hali uliyo nayo sasa inafanana na ile uliyofunzwa, au haifanani? Naye hujibu kwa mguu wa mbele, kwa kubonyeza wenzo wa kushoto au wa kulia. Makosa mengi kwenye ripoti za majaribio haya huzaliwa pale mtafiti anapojibiwa swali hilo dogo, halafu akaandika kana kwamba amejibiwa lile kubwa.

Kisanduku chenyewe si cha ajabu. Kina sakafu ya vyuma vyembamba, nyenzo mbili kwenye ukuta mmoja, na katikati yake kikombe ambamo mashine hudondosha punje ya chakula ya mg 45. Juu kuna taa moja. Kisanduku kizima hukaa ndani ya kabati linalozuia sauti, na feni ya kabati hilo hufanya kazi mbili, kuingiza hewa na kufunika kelele za nje. Kompyuta huandika kila mbonyezo na sekunde yake.

Panya hupunguziwa chakula mpaka uzito wake uwe asilimia 80 hadi 85 ya ule angekuwa nao akila atakavyo. Hapa kuna mtego wa mapema. Panya mchanga bado anakua, kwa hiyo ukipiga hesabu ya asilimia 85 ya uzito wa wiki ya kwanza na kuishikilia kwa miezi minne, unamnyima kuliko ulivyoandika kwenye kibali cha kamati ya maadili. Anza na panya mzima, au uwe unapandisha kiwango kila baada ya muda.

Kabla ya sindano yoyote hufunzwa kubonyeza. Mbonyezo mmoja kwa punje moja, kisha miwili, mitano, mpaka kumi kwa punje moja, na afanye hivyo pande zote mbili ili asijenge mazoea ya upande mmoja. Kumi si namba takatifu, ila ina faida yake: panya akishaanza upande fulani kwa kawaida huumaliza, kwa hiyo uamuzi wake huonekana wazi. Ratiba ambazo punje hutoka baada ya muda usiotabirika hutoa majibu yaliyosambaa zaidi kati ya nyenzo mbili. Zote mbili zinakubalika. Kibaya ni kulinganisha asilimia za ratiba moja na za nyingine kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa ndipo dawa inaingia. Nusu ya panya hupewa wenzo wa kushoto kuwa wa dawa, nusu nyingine wa kulia. Siku ya dawa, wenzo wa dawa pekee ndio unaotoa punje. Siku ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ule mwingine. Mbonyezo kwenye wenzo usio sahihi hauleti chochote, na katika maabara nyingi hurudisha hesabu kwenye sifuri. Kipindi ni dakika 15, siku tano au sita kwa wiki.

Kwa LSD, dawa ya maruweruwe inayojulikana sana, dozi ya kufunzia iliyozoeleka ni mg 0.08 au 0.1 kwa kilo, sindano ya tumboni, dakika 15 hadi 30 kabla ya kuingia kisandukuni. Kwa DOM, nayo dawa ya maruweruwe, ni mg 1 kwa kilo. Kwa meskalini, ya jamii hiyohiyo, ni mg 10 mpaka 25 kwa kilo. Ziweke namba hizo kando ya dozi zinazojulikana kwa binadamu: LSD sehemu ndogo ya mg 1, DOM mg chache, meskalini mamia ya mg. Mpangilio ni uleule. Ndiyo sababu watu wa famasia waliipenda njia hii tangu mwanzo.

Tukae kidogo kwenye hesabu ya LSD, maana hapa watu huteleza. Panya wa gramu 320 kwa mg 0.08 kwa kilo anahitaji mg 0.0256. Ukichoma ml 1 kwa kila kilo, utamchoma ml 0.32 za mchanganyiko wenye mg 0.08 kwa ml. Mchanganyiko wa ml 10 unahitaji basi mg 0.8. Lakini mg 0.8 za nini? LSD ya maabara huja mara nyingi kama chumvi ya tartarati, molekuli mbili za LSD kwa moja ya asidi, na katika kila mg 1 ya chumvi hiyo LSD yenyewe ni takriban mg 0.81. Kama dozi yako imeandikwa kwa LSD tupu, unapaswa kupima karibu mg 1 ya chumvi. Kama imeandikwa kwa chumvi, ni mg 0.8. Tofauti ni kama moja ya tano, inatosha kusogeza mstari wako wote wa dozi, na msomaji hatajua kwa nini matokeo yenu hayalingani. Andika ni ipi. Tena, usijaribu kupima mg 1 kwenye mizani ya kawaida ya maabara ukaamini ulichokisoma: pima zaidi, tengeneza mchanganyiko mzito, kisha uuzimue. Chupa iwe ya rangi au ifunikwe kwa karatasi ya alumini, kwani mwanga huiharibu LSD. Na kwa kuwa LSD, meskalini na silosaibini (ile ya uyoga wa maruweruwe) zote ziko kwenye Jedwali la I la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, ulichopima, ulichochoma na ulichomwaga vyote huingia kwenye daftari la sefu.

Mpangilio wa siku za dawa na za maji ya chumvi ni suala la kuumiza kichwa kidogo. Ukiwapa siku mbili dawa, siku mbili chumvi, mbili dawa, mbili chumvi, mfululizo huo una muundo, na mnyama mwenye njaa hujifunza muundo wowote unaomletea punje. Bora mpangilio wa kubahatisha usioruhusu aina moja kurudiwa zaidi ya mara mbili mfululizo. Halafu usahau habari ya kumchoma LSD kila siku. Mwili huizoea kwa kasi ya kushangaza, na mazoea hayo huhamia kwenye dawa za jamii yake. Panya aliyechomwa siku tatu mfululizo anaweza kuanza kubonyeza wenzo wa chumvi siku ya dawa, ukadhani amesahau mafunzo. Hajasahau kitu, kinachokosekana ni ile hali uliyomfunza kuitambua.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa harufu. Kisanduku kimoja hutumiwa na panya kadhaa asubuhi moja. Panya wa kwanza akiwa siku ya dawa na wenzo wake ni wa kushoto, atauacha umelowa harufu yake. Wa pili, mwenye mpangilio uleule, akiingia ana njia mbili za kupata jibu: kusikiliza hali ya mwili wake, au kunusa wenzo gani umeguswa sana. Kunusa ni rahisi zaidi. Utapata kundi la panya wanaopata asilimia 95 siku zote za mafunzo, kisha siku ya jaribio wanatapatapa. Suluhisho lake ni la kizembe lakini linafanya kazi: futa nyenzo na kikombe kwa alkoholi kati ya panya na panya, na upange zamu hivi kwamba upande wa panya aliyetangulia usitabiri upande wa anayefuata. Ukitaka kujua kama umeshaingia mtegoni, chukua rekodi za wa kwanza kuingia kila siku uzilinganishe na za waliofuata. Wa kwanza hawana pa kunusa.

Jambo linalotenganisha ripoti ya kuaminika na ya kupigia ramli ni hili: asilimia inayohesabiwa ni ya mibonyezo iliyotangulia punje ya kwanza. Punje ikishadondoka, punje yenyewe imeshamwambia panya wenzo sahihi ni upi, na kuanzia hapo hata panya aliyechomwa maji matupu atafanya vizuri. Tuseme panya amebonyeza kulia mara mbili, akahamia kushoto, akabonyeza mara kumi mfululizo na punje ikatoka. Jumla ni 12, za kushoto ni 10, kwa hiyo asilimia 83. Kwa kigezo cha kawaida cha asilimia 80, amepita. Angebonyeza kulia mara tatu badala ya mbili ingekuwa 10 kwa 13, asilimia 77, na asingepita. Ukihesabu dakika zote 15, panya wote wawili watakuwa na asilimia 98 na zaidi, na hutamjua anayejua na anayebahatisha. Kigezo kinachotumika sana ni kupita hivyo katika vipindi 8 kati ya 10 vinavyofuatana, vya dawa na vya chumvi. Kufika hapo huchukua vipindi 30, 40, 60. Wengine hawafiki kabisa na hawana budi kuondolewa, na idadi yao itajwe.

Siku ya jaribio lenyewe hakuna wenzo sahihi. Ama nyenzo zote mbili hulipa baada ya mibonyezo kumi, ama hakuna unaolipa na kipindi hukatwa baada ya dakika chache au pale mibonyezo kumi ya upande mmoja inapotimia. Sababu ni ileile: jibu la jaribio lisije likawa somo jipya. Kati ya majaribio panya hurudi mafunzoni, na hajaribiwi tena mpaka awe amepita siku moja ya dawa na moja ya chumvi.

Kwanza jaribu dozi ndogo za dawa aliyofunzwa. Mstari unapaswa kupanda polepole kutoka wenzo wa chumvi mpaka wa dawa, na dozi inayokupa asilimia 50 ndiyo kipimo cha nguvu. Kisha ndipo ulete dawa ngeni. Ikifikisha asilimia 80 au zaidi husemwa imeshika nafasi ya dawa ya mafunzo kikamilifu. Chini ya 20, haikushika. Katikati ni nusunusu, na nusunusu ndiyo makaburi ya maelezo ya haraka. Wastani wa asilimia 50 kwa panya kumi unaweza kuwa panya kumi wote wakisitasita katikati, au watano wenye asilimia 100 na watano wenye sifuri. Haya ni matokeo mawili tofauti kabisa. Kwa ratiba ya mibonyezo kumi mara nyingi huwa ni ya pili, kwa hiyo toa nukta za panya mmoja mmoja, usifiche nyuma ya nguzo ya wastani.

Pembeni ya asilimia lazima kuwe na kasi ya kubonyeza, mibonyezo kwa sekunde. Dozi ikipanda, panya hupunguza kasi, na mwisho hukaa kona bila kugusa kitu. Asiyemaliza mibonyezo kumi hana asilimia ya kuhesabiwa. Anaandikwa kama hakumaliza. Kasi hii ndiyo inayokupa haki ya kusema "haifanani". Kama umejaribu dozi tatu, zote zikaishia kwenye wenzo wa chumvi, na kasi haikushuka hata kidogo, huenda dawa haijafika ubongoni kwa kiasi cha maana. Panda mpaka kasi ishuke.

Muda nao hudanganya vilevile. DMT, dawa nyingine ya maruweruwe, huja na kuondoka upesi. Wanaofunza panya kwa DMT huwaingiza kisandukuni kama dakika tano baada ya sindano. Mjaribu DMT kwa saa ya LSD, dakika 30, na utatangaza kwamba DMT haina kitu. LSD yenyewe ina nyuso mbili: watafiti Marona-Lewicka na Nichols walifunza panya wengine dakika 30 baada ya sindano na wengine dakika 90. Kundi la dakika 30 liliitambua hali inayotegemea serotonini, na kundi la dakika 90 hali inayotegemea zaidi dopamini (zote mbili ni kemikali za ubongo), kiasi kwamba dawa za kuamsha dopamini zilishika nafasi ya LSD kwao. Dawa ni ileile, kilichobadilika ni saa tu.

Ushahidi mkubwa ulikuja kwa kutumia dawa pinzani. Mwaka 1983 Glennon, Young na Rosecrans walionyesha kwamba ketanserini na pirenperoni, ambazo huziba vipokezi vya serotonini vya kundi la 2 (sehemu za seli ambako serotonini hushika), huwafanya panya waliofunzwa kwa DOM wabonyeze wenzo wa chumvi hata wakiwa wamechomwa DOM. Mwaka uliofuata Glennon, Titeler na McKenney waliweka pamoja namba tatu za dawa nyingi za jamii hii: jinsi zinavyong'ang'ania vipokezi hivyo, nguvu yake kwa panya, na nguvu yake kwa binadamu. Zilikwenda pamoja. Mwaka 1998 timu ya Vollenweider huko Zürich ikawapa watu ketanserini kabla ya silosaibini, na maruweruwe yakazuiwa. Wenzo ulikuwa umeshasema hivyo miaka 15 nyuma.

Ukifanya jaribio la dawa pinzani usisahau kundi la dawa pinzani peke yake. Ikiwa yenyewe inapunguza kasi au inampeleka panya kwenye wenzo wa dawa, huwezi kusema imezuia chochote. Na tumia pinzani inayochagua: ketanserini hugusa vipokezi vingine pia, kwa hiyo leo volinanserini, yenye kulenga hasa kipokezi cha 2A, kimojawapo cha kundi hilo la 2, ndiyo inayoaminika zaidi.

Mpaka hapo mambo ni matamu. Sasa turudi kwenye swali dogo na swali kubwa.

Lisuridi ni ndugu wa LSD kwa umbo, imetumika kutibu Parkinson, na haileti maruweruwe kwa watu kama LSD. Mpe panya aliyefunzwa kwa LSD, naye atabonyeza wenzo wa dawa bila kusita. Upande wa pili kuna salvinorini A, ambayo kwa watu huleta maruweruwe makali kwelikweli. Killinger, Peet na Baker waliripoti mwaka 2010 kwamba haikushika nafasi ya LSD wala ya ketamini, dawa ya nusukaputi, kwa panya. Haishangazi: salvinorini hupitia kipokezi cha kapa cha jamii ya opioidi, na hali inayoleta ni nyingine. 5-MeO-DMT, ndugu wa DMT, nayo kwa panya hutambuliwa zaidi kupitia kipokezi cha serotonini 1A. Kwa hiyo wenzo ulidanganya? Hapana. Ulisema lisuridi inafanana na LSD katika kile panya alichojifunza kukitambua, na salvinorini haifanani. Aliyeongeza neno maruweruwe ni mtafiti.

Kwa lisuridi kuna ufumbuzi mzuri. Mwaka 1990 Callahan na Appel waliwafunza panya nyenzo tatu: mmoja wa LSD, mmoja wa lisuridi, mmoja wa maji ya chumvi. Panya waliweza. Maana yake ni kwamba tofauti kati ya dawa hizi mbili ilikuwepo mwilini mwao muda wote, ila jaribio la nyenzo mbili halikuwapa pa kuisemea. Panya akiwa na "dawa" na "chumvi" tu, kitu chochote kisicho chumvi na kinachoelekea upande wa LSD kitaangukia LSD. Ni sawa na kumwuliza mtu kama chungwa ni limau au jiwe.

Kabla ya kujenga kisanduku cha nyenzo tatu, ambacho hurefusha mafunzo kwa miezi, unaweza kupandisha dozi ya kufunzia. Panya aliyefunzwa kwa dozi ndogo amejifunza kutambua dalili hafifu, na vitu vingi vinaweza kutoa dalili hafifu. Aliyefunzwa kwa dozi kubwa ni mchaguzi zaidi. Gharama yake ni kwamba dozi kubwa hupunguza kasi na mafunzo huwa magumu. Ndiyo maana ripoti ikisema "ilishika nafasi ya LSD" bila kutaja dozi ya mafunzo, imekuachia nusu ya sentensi.

Siku hizi wengi hukimbilia kipimo cha kutikisa kichwa kwa panya wadogo, na nawaelewa. Panya hahitaji mafunzo, jaribio ni la nusu saa hivi, na lisuridi haiongezi mitikisiko, kwa hiyo shimo lile moja limezibwa. Lakini kina mashimo yake: 5-HTP na fenfluramini, zinazoongeza serotonini yenyewe, nazo hutikisa kichwa cha panya, na hakuna anayeziita ndugu za LSD. Pia mitikisiko haikwambii kama dawa mpya inafanana na kokeini, ketamini au LSD, wakati panya waliofunzwa kwa kila moja ya hizo wanaweza. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, bado hutaja upambanuzi miongoni mwa vipimo vya hatari ya dawa kutumiwa vibaya, katika mwongozo wake wa 2017.

Kwa hiyo ukikutana na dawa mpya inayonadiwa kuwa jamaa wa LSD asiyeleta maruweruwe, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la majaribio. Tafuta dozi ya kufunzia, dakika kati ya sindano na kisanduku, idadi ya panya waliomaliza mibonyezo kumi kwa kila dozi, kisha shuka kwenye mstari wa mwisho, dozi ya juu kabisa, na usome kasi. Kama panya walikuwa bado wanabonyeza kama siku ya maji ya chumvi, jaribio hilo bado lina dozi moja au mbili hazijachomwa.